Forma Moja kwa Moja

Katika darasa letu la jioni tulikuwa watu kumi na wawili, na telefone kumi na mbili zisizopatana, kama wake wenza wa jiko moja. Tulianza saa kumi na moja, kila mutu akitoka kazini na harufu yake. Dereva wa moto alinuka esanse, petroli ya pikipiki yake, mimi niliyeuza mabati nilinuka kutu, na mama wa makala, aliyeuza makaa ya kupikia, aliacha alama za vidole vyeusi kwa kila mulango wa shule. Sote tulitafuta diplome ya Leta, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari, ile ambayo wenzetu waliipata wakiwa na miaka kumi na nane na meno yote.

Kitabu cha karatasi hatukuwa nacho. Profesa wetu alikuwa ameandika somo lake la sheria ya biashara kwa kompyuta, akatutumia. Na hapo vita ikazaliwa. Wengine walikuwa na kitabu kwa PDF, ambayo ni kama kitabu kilichopigwa picha: ukurasa unabaki vile ulivyo, hata ukiuingiza ndani ya telefone ndogo kama kiberiti. Wengine walikigeuza EPUB, ambayo ni kitabu cha maji. Kinafuata chombo: ukitaka herufi kubwa, zinakua, na kurasa nazo zinazaana kama sungura.

"Ukurasa wa makumi ine!" profesa akisema.

"Mimi niko kwa mia tatu na kumi," mama wa makala anajibu.

"Mama, kitabu hakina kurasa mia tatu!"

"Changu kinazo, Profesa. Labda wewe ulipewa kidogo."

Nilikuwa chama cha PDF, na nilikuwa mushabiki mukali. Kama wangeniambia nitembee kwa magoti mupaka Rumangabo kwa ajili ya PDF, ningeenda, na kurudi ningepitia Kalengera, ambako ni mbele zaidi. Sababu yangu ilikuwa ya heshima kabisa: telefone yangu ilikuwa kubwa kama sinia.

Lakini macho ya mama yalikuwa yamechoka. Kwake herufi za PDF zilikuwa siafu waliokimbia mvua. Kila alipoijaribu, alisukuma ukurasa kushoto, akausukuma kuume, akisoma sheria kama mutu anayeangalia arusi kwa tundu la kitasa. Na ile ilikuwa mara yake ya tatu kufanya egzamen.

"Nikianguka tena," alituambia, "makaratasi yote nawashia makala, na shule nimemaliza. Shemeji zangu banasema diplome haioti ku kichwa chenye mvi. Nataka jina yangu isomwe kwa radio. Nataka bashemeji banione na pudre."

Pudre kila mutu anaijua: jina lako likisomwa, wanakumwangia kichwani pudre nyeupe ya watoto, unazunguka mutaa ukiwa kama mutu aliyeangukia unga.

Profesa alichoka. Akaamuru telefone zote ziingie PDF, na zile zilizoikataa ziende kwa fundi. Nani atazipeleka? Mimi, bila shaka. Mutu wa mabati hashindwi na kitu. Jumamosi asubuhi nikakusanya telefone saba ndani ya mufuko wa misumari. Mama alinipa yake ya mwisho, akiishika kama mutoto anayepelekwa kuchomwa sindano.

"Papa, umuambie fundi anenepeshe maandiko."

"Mama, tumesema forma moja, PDF tu!"

Kwa fundi nilitaka kuonyesha kwamba nasoma. Nikapanga telefone juu ya meza, nikasimama kama wakili.

"Muzee, hizi zote, forma moja."

"Formate?" fundi akauliza. "Moja kwa moja?"

Mimi, mutoto wa shule, nikafikiri ananirudilia tu kwa Kifaransa safi zaidi. "Eeh! Moja kwa moja!"

Basi akaziformate. Moja kwa moja. Niliporudi kuzichukua, zilikuwa safi kama siku zilipotoka kiwandani. Hakuna kitabu, hakuna picha, hakuna namba hata ya mama mukwe.

Jumatatu darasa lilinipokea kama mwizi wa mbuzi. Dereva wa moto alikuwa amepoteza picha zote za harusi yake. "Si kitu sana," akasema, "hata bibi harusi mwenyewe alisharudiaka kwao Rutshuru." Profesa akazishika telefone moja moja, akacheka bila furaha.

"Basi, forma moja tumeipata. Utupu."

Alisema ataituma PDF tena, kwa wote. Hapo mama akasimama.

"Profesa, ku kanisa kwetu, mimi niko na Biblia kubwa kama tofali. Jirani yangu iko na ndogo, inaingia mu sidiria. Mwingine anasoma kwa telefone. Pasta hasemake ukurasa! Anasema sura na mustari, na sisi bote tunafika pamoja. We unatutafutia ukurasa wa nini?"

Profesa akafunga kompyuta, akaibeba kwapani. Halafu akaenda nyumbani. Wiki nzima, kila aliyepita kwake alimukuta nayo tu mukononi. Alirudi na sheria ya biashara yenye sura na mistari, na akatuma forma mbili, PDF na EPUB, kila mutu achague ya macho yake.

Tangu hapo darasa likawa misa. "Kufilisika, sura ya ine, mustari wa tisa!" Mama kwa herufi zake kubwa kama mihogo, mimi kwa sinia langu, tulifika pamoja. Profesa akimaliza kusoma, dereva wa moto akaitika: "Amina."

Siku ya matokeo nilikuwa napanga mabati. Yangu nilikuwa nimeyasikia tayari kwa radio, na nilikuwa nimeruka mupaka nikagusa mawingu. Ndipo moto ikaja ikipiga honi, dereva ni yule yule wa darasa letu, na nyuma yake mama, uso mweupe, vidole vyeusi. Moto ya pili ilibeba shemeji yake, kopo la pudre mukononi, akimumwangia kwa ukali kama anayezima nyumba inayoungua. Mvi haikuonekana tena hata moja.

Mama akaniona, akashuka, akamunyanganya shemeji kopo.

"We mutu wa fundi! Kuya hapa na mimi nikuformate!"

Akanimwangia yote, moja kwa moja.