Mfereji Tuliouchimba Kwenye Kinamasi

Nilizaliwa chini, upande wa Same, kwenye vumbi na mkonge. Nilipoolewa Chome, juu milimani, enzi za Mwingereza, sikuwa nimewahi kuona maji yakituama juu ya mlima. Mama mkwe ndiye aliyenipeleka kwenye kinamasi, tulipokwenda kukata ndago za kusukia mikeka. Tulipita msituni, tukatokea mahali peupe penye ukungu, akaniambia nikanyage pale anapokanyaga yeye.

"Chini hapa kuna nini, mama?"

"Maji. Ukikosea, utazama mpaka kiunoni."

Pembezoni palikuwa na vichaka vya majani membamba kama sindano. Kisha yalifuata makangaga, na katikati ndago, zimesimama mafungu mafungu. Kati ya mafungu hayo ulitanda ukoga mnene wa vimea laini, mwekundu sehemu nyingine, ambao ukiukamua unatiririka kama nguo iliyotoka mtoni. Vichaka havikuingia katikati. Sikujiuliza kwa nini.

Kijito kilichotoka pale ndicho kilichojaza ndiva yetu, bwawa la kumwagilia mashamba, na msimamizi wa ndiva alikuwa baba mkwe. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayeaminika kwa kugawa zamu za maji bila upendeleo. Mwaka ule vuli haikunyesha. Maharage yalianza kujikunja, na ndiva ikabaki tope. Wanaume wakakutana, wakakubaliana wapande wakakate mfereji kwenye ukingo wa kinamasi ili maji yashuke. Hakuna aliyepinga. Mama mkwe na mimi tuliwapikia makande, tukawapelekea hukohuko juu.

Maji yalishuka kweli. Yalikuja meusi kama chai ya rangi, ndiva ikafurika, maharage yakapona. Watu walimpongeza baba mkwe njiani, naye alizoea kujibu, "Tulichimba wote."

Kiangazi kilichofuata tulipanda tena kukata ndago. Mama mkwe alitangulia, akasimama ghafla. Alikuwa amefika katikati na miguu yake ilikuwa mikavu. Ndago zilikuwa fupi, za njano, hazifai hata kufungia kuni. Ukoga ulikuwa umekuwa mweupe na ulivunjika chini ya nyayo zetu kama maganda ya mayai. Miche ya vile vichaka vya sindano ilikuwa imeota kila mahali, mpaka kando ya mfereji. Tulirudi mikono mitupu.

Jioni alimweleza mumewe. Kesho yake baba mkwe alipanda peke yake, na aliporudi alikataa chakula. Niliona anaumia, ingawa mkwe hamwulizi mkwe mambo kama hayo. Kijito nacho kilikuwa kimepungua, pungufu kuliko kabla ya mfereji.

Akawaita watu. "Tuliyamwaga maji ya akiba," alisema. "Mfereji uzibwe."

Jirani mmoja, ambaye shamba lake lilikuwa la mwisho kufikiwa na maji, alisimama. "Hayo machache yanayoshuka ndiyo yananifikia. Ukiziba, watoto wangu watakula nini?"

Baba mkwe akasema, "Chukua zamu yangu ya ndiva mpaka masika."

Mama mkwe alinitazama, akainamisha kichwa. Zamu ile ndiyo iliyokuwa ikimwagilia viazi vyetu.

Waliziba kwa mawe na udongo, juu wakapanga mabonge ya nyasi yenye mizizi. Sisi wanawake tulibeba mabonge hayo vichwani, matope yakitutiririkia mgongoni. Viazi vyetu vilikauka, na mpaka masika tulikula mihogo iliyotumwa na ndugu zangu wa chini. Kwa jirani yule walivuna kidogo.

Nilikaa Chome miaka mingi baadaye. Karibu na lile zibo maji yalituama tena, ukoga ukarudi kwanza, halafu ndago. Upande wa mbali haukurudi. Vichaka viliushika, na leo mtu anaupita na viatu vyake. Kijito hakikukauka, lakini hakikurudia nguvu yake ya zamani. Baba mkwe aliomba apumzishwe usimamizi, na watu wakamchagua jirani yule wa shamba la mwisho. Aligawa maji vizuri.