Hatua Zangu za Msikitini

Mjukuu wangu aliponipa simu yake ya zamani, nilimshukuru Mungu mbele yake. Ni mtoto wa binti yangu, anasoma chuo kikuu mwaka wa pili, na anakaa nasi Mkunazini kwa sababu kwao Ng'ambo hakuna nafasi ya kusomea. Alisema niitie mfukoni mwa kanzu kila nitokapo, ili nikianguka njiani wajue nilipo. Nikamwombea dua ndefu. Dua ile inaniuma mpaka leo.

Yeye alikuwa hanyanyuki. Simu yake mpya ilikuwa mkononi tangu asubuhi, kitabu kimefunuliwa pajani, ukurasa uleule siku tatu. Na alikuwa mchezaji mpira huyu. Jioni akirudi kutoka uwanjani Mnazi Mmoja nguo zimejaa vumbi. Sasa ngazi za nyumba yetu, ambazo mimi nazipanda mara kumi kwa siku, yeye hupumzika katikati. Muhula uliopita alifeli somo moja. Bibi yake akimwambia atoke anyooshe miguu, hujibu "naam" na macho hayatoki kwenye kioo cha simu.

Mimi nilikuwa nikitembea. Nilikuwa nimeuacha msikiti wa karibu na mlango wangu, nikawa naenda wa Malindi kwa sala zote tano, maana tangu chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba kila hatua ya kwenda msikitini inaandikiwa thawabu.

Alasiri moja nimekaa barazani baada ya sala, akaja mwenzake wa darasani kumtafuta. Akaniamkia vizuri, kisha akacheka.

"Babu, unatutia haya. Mzee wa miaka sabini na kenda unalishinda darasa zima."

Nikamuuliza darasa gani. Akadhani namtania, akanieleza yote. Mwalimu wao wa afya aliwapa kazi ya wiki sita: kila mwanafunzi atembee, simu ihesabu hatua zake, kisha aandike namna simu inavyomwathiri katika mazoezi na masomo. Mjukuu wangu alikuwa akiongoza. Hatua alizokuwa akipeleka ni zangu. Simu ya mfukoni mwangu ilikuwa ikizihesabu kwa jina lake. Kijana alipouona uso wangu akaaga upesi.

Nimewahi kuibiwa viatu msikitini nikasamehe kabla sijafika nyumbani. Hili sikuliweza. Nilipanda juu nikamkuta amelala chali, simu imemfunika uso. Nikamuuliza kama ni kweli. Hakukana.

"Lakini babu, hujapungukiwa na kitu. Wewe ulikuwa unakwenda tu."

Nikamjibu: "Umenibebesha uongo nikaingia nao msikitini. Nimesujudu nao. Halafu waniambia sijapungukiwa?"

Akasema akifeli na somo hili atarudia mwaka. Nikamwambia nimeelewa, na kwamba kesho atakwenda kwa mwalimu wake akaseme kwa kinywa chake. Asipokwenda yeye, nitakwenda mimi na simu yake. Bibi yake aliniomba nimstahi kijana. Nilimjibu kwa ukali, na baadaye ikanibidi nimwombe radhi.

Alikwenda. Mwalimu akaifuta kazi yote, na mwaka ataurudia. Binti yangu alipiga simu akilia, akaniuliza ningepoteza nini lau ningenyamaza. Nilikuwa na hasira naye, na mwanawe, na kile kidude. Zaidi nilikuwa na hasira na nafsi yangu. Maana nilikuwa nshazoea kuitazama ile hesabu ya hatua kwenye kioo kila nitokapo msikitini, na siku nyingine nilizunguka kwa Darajani makusudi ili iongezeke. Nilidhani naongeza thawabu.

Siku tatu hatukusemezana ila shikamoo na marahaba. Ya nne, niliposhuka kwenda kusali alasiri, nilimkuta mlangoni amevaa kanzu, mikono mitupu. Tukatoka pamoja. Kabla hatujafika Malindi alisimama, akashika ukuta, anahema. Nikasimama na mimi, nikamngoja. Hasira zilikuwa bado hazijanitoka.