Picha ya Shemeji Akiwa Hewani

Mume wa mdogo wangu alifundisha mazoezi ya viungo katika shule ya serikali pale Morogoro, enzi za Mdachi. Akishika chuma cha kuning'inia alizunguka mpaka ukasahau kwamba naye ana uzito. Mimi nilikuwa mpiga picha. Kazi nilijifunza Dar es Salaam kwa Mgoa mmoja, na kamera yangu ilikuwa ile aliyoichoka yeye.

Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa wilaya, alitaka picha ya mazoezi hayo aitundike bomani. Ilikuwa masika, mvua ya Uluguru haikatiki, basi chuma kikasimikwa ndani ya ghala la stesheni, na wanafunzi wake wakaja kutazama. Nikaziba madirisha kwa magunia, ukabaki mwanga hafifu wa mlangoni. Humo ningeiacha kamera wazi, kisha niwashe baruti ya mwanga kwenye sinia la bati. Ikilipuka, kamera hukamata kile tu kilichopo mbele yake wakati huo.

Mwanga ule hupofusha. Kwa hiyo tulikubaliana: kabla ya kuwasha nitapaza sauti, "Sasa!" naye afumbe macho na kushikilia chuma.

Picha mbili za kwanza tulizipiga hivyo. Nilijua zimeharibika hata kabla ya kuzisafisha. Alikuwa amekunja uso na kukakamaa kama nguo iliyoanikwa. Mimi nilitaka ule wakati anapoachia chuma, anageuka hewani, kisha anakidaka tena.

Mara ya tatu sikusema kitu. Mikono yake ilipoachia, nikawasha.

Nikasikia kishindo. Moshi mweupe ukajaa ghalani, wanafunzi wakawa wanapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Nilipoondoa magunia nikamwona ameketi sakafuni, kifundo cha mkono wa kulia kimepinda.

"Ulisema, shemeji?" akaniuliza.

"Nilisema."

"Sikukusikia."

"Watoto walikuwa na kelele," nikamjibu.

Mkono uliunga vibaya. Shuleni wakatafuta mwalimu mwingine, naye na mdogo wangu wakarudi kwao mlimani kulima maharage. Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Bwana Shauri aliisifu mbele ya watu. Nakala moja nilimpa mdogo wangu, akaiweka ukutani.

Nilipokwenda kuwatembelea, ndipo nilipoona nilichofanya. Shemeji alikuwa hayaamini masikio yake. Ukimwambia neno, anainamisha kichwa na kukuomba urudie. Wageni aliwaeleza mwenyewe, bila uchungu, kwamba aliambiwa waziwazi akashindwa kusikia. Mdogo wangu alikuwa amezoea kumsemesha kwa sauti kubwa, kama mzee asiyesikia. Nilikula ugali wao, nikashuka mjini, sikusema. Nikaenda tena mara mbili, na safari hizo nazo sikusema.

Safari ya nne nilimkuta shambani, analima kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji, siku ile sikusema 'Sasa'. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka picha."

Akasimamisha jembe. "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima," akasema, halafu akaenda nyumbani kumwambia mkewe.

Mdogo wangu alitoka na ile picha. Tangu utotoni hakuwahi kunipita bila shikamoo.

"Ichukue," akasema. "Chakula hakijaiva. Usisubiri."

Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na harufu ya maharage niliisikia. Nikashuka.

Wakati wa mavuno nilipanda tena bila kuitwa. Shemeji alinionyesha gunia, nikalibeba mpaka barabarani, nikarudi kuchukua jingine. Mdogo wangu alipita na mzigo wa kuni kichwani. "Shikamoo," akasema, bila kusimama. Nikaitika, nikainama kufunga gunia la tatu.