Friji Lililozimwa kwa Ajili ya Sala

Salafai alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye ghala la kugandishia samaki mjini Apia, na hakukuwa na sauti ya friji iliyoweza kumbabaisha. Lakini aliporudi nyumbani kutoka msibani kwenye kisiwa cha Savai'i, alikokaa wiki nzima, alikuta jikoni kuna kimya, na kimya hicho kikamshtua.

Waya ulikuwa umechomolewa. Alipofungua mlango wa friji, uvundo wa samaki ulimpiga puani. Chupa za insulini za mama yake zilikuwa na joto kama maji ya kuoga, maana jua lilikuwa limechoma bati siku zote hizo. Mama mwenyewe, Bi Faapisa, alikuwa amejilaza mkekani, midomo imemkauka, anaomba maji kila mara. Salafai akampima sukari. Ilikuwa juu kupita kiasi.

"Nani kazima friji?" alifoka.

"Mimi," alijibu kaka yake Tautala, mkuu wa ukoo. "Lilitutia aibu, dada. Jioni watu tumetulia tunasali, lenyewe linanguruma, linabubujika, mara linapiga ta! Na mchungaji yupo. Nikaliwasha baadaye, likaanza upya. Nikasema hili bovu, nikaliacha mpaka uje."

"Bovu kichwa chako! Kunguruma ni mota. Kububujika ni gesi inapita kwenye mabomba. Hiyo ta yako ni plastiki inajikunja kwa baridi. Tumbo lako likinguruma kanisani, nani anakuzima wewe?"

Tautala akacheka. Hapo Salafai akaona giza kwa hasira.

"Unacheka? Mama kajidunga dawa iliyoharibika wiki nzima!"

Kicheko kikamkatika.

Wakampakia mama kwenye pikapu, Tautala akakaa mbele, Salafai akashika usukani kwenda hospitali. Hawajatoka kijijini, baragumu la kombe la bahari likapulizwa. Saa ya sala ya jioni ilikuwa imefika. Vijana wa zamu wakajipanga katikati ya barabara kuzuia magari, kama Tautala mwenyewe alivyowaagiza. Kwa amri yake hata bibi harusi aliwahi kungojeshwa pale.

Salafai akakanyaga breki. Kwenye kiti cha nyuma, mama akatapika. Vijana walimwona mkuu wao ndani ya gari, wakainamisha vichwa kwa heshima, wala hawakusogea.

"Sema nao," Salafai alimwambia.

"Dakika kumi tu, dada. Nikiivunja amri yangu mwenyewe, nani ataishika?"

"Tautala! Wiki nzima umetaka kimya. Unataka na mama anyamaze?"

Tautala akageuka, akamwona mama macho yamempinduka. Akatoa kichwa dirishani, akapayuka, "Tokeni njiani! Mama yangu anakufa! Tokeni!" Nyimbo za sala zikakatika nyumba hadi nyumba, watu wakachungulia. Vijana wakaruka pembeni, na Salafai akaondoa gari bila kungoja amina.