Kiapo cha Safari ya Kasri

Katika mstari wa maduka ya vitenge pale Tunduma, kando ya barabara inayoelekea forodhani, kuna mlango mmoja wa bluu ambao haujafunguliwa tangu mwaka jana. Wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waliozoea kununua pale bado husimama mbele yake, wakatazama kufuli, wakaulizana kwa Kibemba, kisha wakasogea duka linalofuata. Jirani ni muuza mablanketi. Ukimuuliza Tabita, mwenye duka lile, yuko wapi, atakunjua blanketi alilokwisha kulikunja, aanze upya.

Tabita hakuondoka pale kwa sababu biashara ilimshinda. Ili kumwelewa, lazima turudi kwenye mazishi ya baba yake, Enoka, kule Nanyala, zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini, amewaacha akina nani. Aliyesoma siku ile alikuwa Yonathani, mdogo wake Enoka, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito inayobembeleza. Alisoma vizuri mpaka mwisho. Hapo akasema, "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto."

Tabita alikuwa amekaa mkekani na wanawake, amejifunga kanga kichwani kama mfiwa, maana alikuwa mfiwa. Wengi pale walimwona akicheza katika uwanja wa Enoka mpaka alipofika darasa la nne, mama yake akamchukua kwenda kwao upande wa Zambia. Walimjua kwa jina. Walimjua hata kwa jino lililovunjika alipoanguka kwenye mparachichi wa baba yake. Hakuna aliyekohoa. Mwanamke waliyekuwa wameegemeana naye mabega alilitoa bega lake taratibu, kama mtu anayehama jua.

Baada ya matanga Yonathani alieleza kwamba mama wa mtoto hakuolewa kwa ng'ombe, na mtoto wa namna hiyo ni wa kwao mama. Shamba la kahawa la Enoka na nyumba ya matofali aliyoijenga kwa mikono yake vikabaki kwa Yonathani. Wazee wa ukoo, kila alipowafuata Tabita mmoja mmoja, walikuwa na jibu lile lile: "Sisi tulisikia yaliyosomwa kaburini." Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama mahakamani kumpinga mzee wa kanisa.

Kuna watu ambao hasira huwatoka kama mvuke wa sufuria. Ya Tabita ilitanda utando juu kama uji uliopoa, na chini ikaendelea kuchoma. Aliuza vitenge, akazaa, akacheka na wateja. Kila mwaka kahawa ilipoiva kule Nanyala, yeye kule Tunduma alikosa hamu ya kula.

Njia ilifunguliwa na watoto, bila wao kujua. Binti yake, Irene, alikuwa shule moja na Grace, mjukuu wa Yonathani, ambaye wazazi wake walipanga nyumba Tunduma. Wale wasichana walipendana bila kuuliza habari za wakubwa. Jumamosi moja Tabita aliwakuta sebuleni, vichwa vimegusana juu ya simu, wakitazama sehemu moja ya mapumziko na michezo ya watoto huko Ujerumani. Ilikuwa kasri lenye minara iliyochongoka, na ndani ya kasri hoteli. Nje yake msitu wa hadithi, ambako jitu la mawe limelala na ukitaka kuingia msituni unapitia puani mwake.

"Mama, watu wanalala humo humo!" Irene alisema. "Vitanda vina mapazia."

"Babu akiona hilo jitu atakemea kwa jina la Yesu," Grace akasema, wakaanguka kwa kicheko.

Tabita hakucheka. Alikaa katikati yao, akasema, "Hebu nirudishieni mwanzo."

Alianza kuipanga safari ile kwa bidii ambayo mume wake, Ipyana, hakuwahi kuiona. Ipyana ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kupitisha malori ya watu mpakani, na yeye mwenyewe hajawahi kwenda mbali zaidi ya Ndola. Jioni walisogeza meza, wakajadili chumba cha mnarani au cha upande wa bustani. Tabita alichagua makoti ya watoto kwenye marobota ya mitumba, akayanusa, akayafua mara mbili. Alijua mlango upi wa kasri hufunguliwa asubuhi, na ni mashua ipi inayopita chini ya ardhi. Mtego mzuri lazima uwe njia kweli. Mnyama hapiti mahali pasipopitika.

Mwezi huo huo alikwenda kuuliza habari za pasipoti. Pasipoti za Ipyana na Irene hazikuwa na tatizo. Yake, kama ilivyo kwa wengi waliolelewa pande mbili za mpaka, ilihitaji maelezo zaidi. Afisa alimweleza kwa upole: baba hana cheti cha kuzaliwa, basi lipatikane tamko la kiapo la ndugu wa baba, au mtu mzima yeyote anayemfahamu tangu utotoni.

Tabita alishukuru. Maneno ya mwisho, mtu mzima yeyote, aliyaacha pale pale dirishani.

Jumapili iliyofuata alikwenda Nanyala. Hakuwa amekanyaga uwanja ule tangu mazishi.

"Hodi hapa."

"Karibu," Yonathani akaitikia, kisha akamwona. "Aa. Ni wewe."

"Ni mimi, baba mdogo. Shikamoo."

"Marahaba."

Tabita alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka na ugomvi. Watoto wamekuwa marafiki, Mungu amewaunganisha waliokuwa mbali. Yeye na mumewe wanakwenda Ujerumani, kwenye kasri la michezo ya watoto, na Grace ana nafasi yake. Kisha akatazama chini, akasema kwamba safari ya ukoo bila mzee haipendezi.

"Ujerumani?" Yonathani alinyanyua mgongo kutoka kwenye kiti. "Ile ya wamisionari?"

"Hiyo hiyo, baba mdogo."

"Babu yangu alibatizwa na Mjerumani! Mjerumani mwenye ndevu mpaka hapa."

Mke wake, Gwantwa, aliyekuwa mlangoni akipepeta mahindi, akacheka puani. "Utakula nini huko, wewe ambaye usipoona ugali unaumwa kichwa?"

"Nitakula wanachokula."

"Na hilo jumba la watoto utakwenda kufanya nini? Kupanda farasi wa mbao na suti yako ya kanisani?" Kisha akamgeukia Tabita, ungo umetulia mikononi. "Mwanangu, umetukumbuka leo? Miaka yote hii?"

"Damu haisahau, mama mdogo," Tabita akasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Ndipo akataja kiapo. Bila kiapo yeye hapati pasipoti, na yeye asipopata hakuna anayekwenda. Lazima atoke ndugu wa baba, aape kwamba huyu ni mtoto wa Enoka. Gwantwa akaweka ungo chini. Yonathani akacheka, kicheko cha mtu aliyegundua kwamba mzigo ni mwepesi.

"Hayo ni maneno ya dirishani tu," akasema.

Mgeni anaweza kushangaa mtu mwenye akili alinaswaje kirahisi hivyo. Lakini sisi tumekulia mpakani. Asubuhi mtu ni Mtanzania kwa sababu ya shule, mchana ni Mzambia kwa sababu ya sukari. Mbele ya dirisha la ofisi husemwa kile kinachofungua dirisha, kwa Kiswahili safi, na ukishapita umekiacha hapo. Maneno yenye uzito ni yale yanayosemwa kaburini, mbele ya ukoo, kwa Kinyiha. Ndivyo Yonathani alivyoamini, na Tabita alijua kwamba ndivyo alivyoamini, kwa sababu Enoka naye alikuwa hivyo.

Kwa wiki kadhaa mzee alikuwa mtu wa Ujerumani. Aliwatangazia wazee wenzake kanisani. Alinunua koti refu jeusi, akalivaa kwenda kuchunga ng'ombe kwenye baridi ya asubuhi, "ili lizoee mwili." Grace alimpigia simu kila jioni: babu umeapa? Babu, bado? Irene anasema tutachelewa!

Waliapa Vwawa, kwa wakili, mwanamke kijana mwenye miwani. Ipyana aliwapeleka kwa gari la kuazima. Wakili alisoma alichokiandika, kisha, kwa desturi yake, akauliza kwa mdomo, "Mzee, huyu unamfahamu vipi?"

Ilitosha kusema ni mtoto wa kaka. Yonathani angeweza kuishia hapo. Lakini pengine ofisi ilimpendeza, au sauti yake mwenyewe ilimchukua kama inavyowachukua wanaozoea kusikilizwa.

"Huyu? Huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe. Kaka alikuwa Ndalambo amefuata mbegu za alizeti. Mimi ndiye niliyemkimbilia mkunga, mimi ndiye niliyemshika wa kwanza. Nilimwambia mama yake, huyu ana paji la uso la Enoka. Mtazame! Ni Enoka mtupu, kasoro ndevu."

Wakili akatabasamu, akayaongeza maneno hayo kwenye kiapo. Ipyana naye akatabasamu. Tabita alikuwa anatazama ukutani.

Kwa miaka tisa alijiachia upenyo mdogo wa huruma. Usiku mwingine alijiambia kwamba huenda Yonathani aliamini kweli, kwamba huenda aliambiwa uongo na mtu, kwamba mambo ya ng'ombe na ndoa kwake ni sheria isiyopindishwa. Sasa upenyo ule ulizibwa na mtu mwenyewe, kwa fahari, ameshika kofia magotini. Alimjua siku zote. Alimpokea mikononi akiwa bado na maji ya uzazi, na akasimama juu ya kaburi akasema hayupo.

Yonathani akashika Biblia, akaapa, akaweka sahihi. Muhuri ukagongwa.

Nje, kwenye jua, mzee akamshika bega. "Haya, mwanangu. Sasa tunapaa lini?"

"Nitakuambia, baba mdogo," Tabita akasema.

Alimwambia kwa njia ya mahakama. Wito ulimfikia Yonathani akiwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na nakala ya kiapo chake iliambatanishwa nyuma. Wanasema aliisoma akiwa amesimama, kwa sauti ile ile, mpaka alipofika kwenye mvua ya mawe. Hapo akaikunja karatasi.

Alikuja Tunduma siku hiyo hiyo, amevaa lile koti jeusi kwenye joto. Wateja walikuwepo dukani.

"Umenidanganya kwa mtoto!" alisema. "Umemtumia Grace!"

"Nani alidanganya, baba mdogo? Ulichosema Vwawa ni uongo?"

Yonathani akawatazama wateja.

"Sema hapa, watu wasikie. Kama ni uongo, uliapa uongo kwa Biblia. Kama ni kweli, wewe ulimzika kaka yako na mwanawe siku moja. Chagua. Mimi lolote linanifaa."

"Na safari?" aliuliza mzee, na mpaka leo waliokuwepo hawaelewi kwa nini aliuliza hilo. "Grace nimwambie nini?"

"Mwambie hukujaliwa."

Mwanamke mmoja wa Nakonde alishika mdomo. Yonathani alitoka bila kuaga.

Kesi haikuwa ndefu. Kiapo kilipotajwa, wale wazee waliosikia yaliyosomwa kaburini walikumbuka ghafla mparachichi, jino, hata jina la utani alilopewa na bibi yake. Tabita aliwasikiliza wote bila kumshukuru hata mmoja. Alipewa shamba na nyumba, akahamia Nanyala. Yonathani na Gwantwa walihamia kwa mtoto wao huko Ivuna, kwenye joto na chumvi. Grace alihamishwa shule. Siku ya kuondoka hakumuaga Irene; alimtazama tu kupitia dirisha la gari, kama mtu anayetazama duka lililofungwa.

Kila usiku Irene alilala na pasipoti yake chini ya mto. Jioni moja Ipyana alimwambia mke wake, "Wewe umepata chako. Huyu bado hajapata chake."

"Mwakani," Tabita akasema. "Kahawa imeiva. Nikiondoka sasa hivi, vijana wa Yonathani watavuna usiku."

"Mwakani pia itaiva."

Walikwenda wawili, Ipyana na binti, mwezi wa saba. Irene alimpigia mama yake kwa video akiwa amesimama mbele ya pua ya jitu, amevaa koti lililofuliwa mara mbili. Alikuwa amerefuka. Tabita alikuwa kwenye vichanja, mikono inanata utelezi wa kahawa, akaishika simu kwa kiwiko.

"Unaliona, Mama?"

"Naliona. Grace alisema nini kuhusu hilo jitu? Babu yake atakemea?"

Irene akaigeuza simu kuelekea msituni. Mbwa akabweka upande wa bondeni, na Tabita akasema atampigia baadaye, akaenda kutazama nani anapita.

Ipyana na Irene walirudi Tunduma, na wanaishi huko. Tabita anaishi Nanyala, katika nyumba ya baba yake. Hajatoka nje ya wilaya ya Mbozi tangu kesi iishe, hata kufika Tunduma.