Tulivyomvalisha Bi Teke

Harufu ya kompyuta iliyopata moto siku hizi siisikii tena, au labda pua yangu imezeeka. Ile ya pale Maisaka, mtaa wetu wa Babati, ilikuwa ya vumbi lililopashwa moto ndani ya kasha la bati, ikachanganyika na wino wa printa, na chini yake ikapita harufu ya magunia ya mbaazi yaliyolazwa chumba cha pili. Ukiingia kutoka juani ilikupokea mlangoni, nami niliivuta kwa raha kama mtu aliyepita jirani na pilau. Kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kile ambacho nyumba nyingine ziliweka juu ya redio. Kabla ya kuiwasha ilibidi ukikunje mara nne, ukiweke pembeni, na ukimaliza ukirudishe bila kukipinda. Hiyo ilikuwa amri ya Mama Idi, mwenye nyumba wetu, ambaye hakuwa na imani na kitu chochote kinachokaa wazi.

Mkoa wa Manyara ndiyo kwanza ulikuwa umeanzishwa. Baba yangu alikuwa karani, akahamishiwa Babati kutoka Arusha pamoja na makabati na viti vya ofisi, tukapanga vyumba viwili katika ua wa Mama Idi. Yeye alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane, fundi cherehani na muuza vitenge, na sare za nusu ya watoto wa mtaa wetu zilipita chini ya sindano yake. Ofisi mpya zilikuwa na barua nyingi kuliko wapiga chapa, kwa hiyo mwanawe wa kwanza, Kaka Idi, alinunua kompyuta iliyotumika akafungua chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi, ubavuni mwa duka la mama yake. Mdogo wake Idi, Zuhura, ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Tulikuwa tumemaliza darasa la saba mwezi Septemba na tulisubiri matokeo, kipindi kile ambacho hujui kama wewe bado ni mwanafunzi au umekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Asubuhi tulichota maji, tukapika, tukafua. Alasiri, wateja wakipungua, Kaka Idi alituruhusu tucheze gemu.

Gemu lilikuwa moja tu, la wapiganaji, na hata wakati ule lilikuwa la zamani. Wapiganaji walikuwa wanane, vifua vyao vikiwa na pembe kama matofali, na mmoja kati yao alikuwa mwanamke. Jina lake halisi hatukuweza kulitamka, tukamwita Bi Teke kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Tulikalia kiti kimoja, kila mmoja nusu, mimi nikibonyeza herufi za kushoto na Zuhura mishale ya kulia. Sikuwahi kumshinda Zuhura akiwa na Bi Teke, na nasema hivyo mimi ambaye si mwepesi wa kukubali kushindwa. Alikuwa mpole, msichana wa kuinamisha macho akisalimiwa, lakini akishika ile mishale alikunja midomo akanipiga bila huruma. Nilimpenda zaidi akiwa hivyo.

Balaa lilianza siku Mama Idi alipoingia kutafuta futi yake ya kupimia. Bi Teke alikuwa amesimama katikati ya kioo akishangilia ushindi, amevaa vipande viwili vya kitambaa ambavyo kwa hesabu ya fundi yeyote visingetosha kushona kofia.

"Zuhura, huyo ni nani?"

"Ni gemu tu, mama."

"Sijauliza ni nini. Nauliza ni nani, na nguo zake ziko wapi."

Kaka Idi akajaribu kuokoa jahazi. "Mama, ndivyo walivyomtengeneza huko walikomtengeneza."

"Basi na ninyi mtengenezeni mlivyolelewa. Ijumaa nikitoka kuswali nakuja hapa. Nikimkuta hajavaa, hiyo sidii ya gemu naichoma, na Zuhura anapanda basi la Kondoa, akasubirie matokeo kwa shangazi yake."

Alipata futi yake akatoka. Mama Idi hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Alichosema alitenda, na sanduku la Zuhura lilikuwa tayari limeshushwa kutoka juu ya kabati kwa sababu shangazi alikuwa ameomba msaidizi tangu zamani. Mimi Babati sikuwa na rafiki mwingine. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia peke yangu, kisha nikanawa uso nikarudi kana kwamba nimetoka kukojoa tu.

Nadhani Mama Idi aliposema mtengenezeni alisema kwa hasira, bila kujua kama jambo hilo linawezekana. Hata sisi hatukujua. Lakini Kaka Idi alikuwa mpekuzi, na Jumatatu alifungua folda ya gemu akatuonyesha picha zilizokuwa humo. Mimi nilishtuka. Bi Teke alikuwa amelazwa bapa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Uso ulikuwa katikati, umetanuka mpaka masikio yakaenda pembeni kabisa, mgongo ulikuwa mbali na kifua, miguu vipande vipande, na nywele zilikuwa na kona yao peke yake. Zuhura akasogeza uso karibu na kioo, akasema, "Huu si mwili. Hiki ni kitambaa kilichokatwa, bado hakijashonwa." Mtoto wa fundi aliona mara moja nilichokuwa nimeshindwa kuona. Gemu lenyewe ndilo lililoshona. Sisi kazi yetu ilikuwa kubadilisha kitambaa.

Tulianza kwa pupa. Tulifungua picha katika programu ya kuchorea, tukamwaga rangi ya kijani kwenye miguu na kifua, tukaongeza maua ya njano, tukawasha gemu. Kaka Idi alicheka mpaka akashika meza. Bi Teke alikuwa amepakwa rangi, hajavaa chochote. Kila kilichokuwa kikionekana mwanzo bado kilionekana, sasa kikiwa na maua juu yake. Mimi nikasema tumwambie Mama Idi ni nguo ya kubana. Zuhura aliniangalia kwa jicho ambalo silisahau. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na suruali yake pana ya kuvaa ndani ya gauni la madrasa, akaitupia kwenye kiti karibu na dirisha, akakaa chini kuitazama. Alitazama mahali kitambaa kilipojikunja pakawa giza, na mahali kilipovimba pakapata mwanga. Halafu akaichora mikunjo ile, nukta kwa nukta, kwa kipanya kilichokuwa kikikwama kila baada ya dakika. Jioni ile, Bi Teke aliporusha teke, alionekana kama mtu aliyevaa suruali pana ya kitambaa kizito. Nywele zake ndefu tulizipaka rangi nyeupe zikawa mtandio, na kwa kuwa gemu lilikuwa limezipa nywele uwezo wa kuruka, mtandio ulipepea kila alipogeuka. Nilipiga kelele za furaha mpaka mteja wa barua akatuomba tumheshimu.

Kazi ngumu ilikuwa bega. Mbele ya gauni ilikuwa upande mmoja wa picha na nyuma upande mwingine, hivyo mstari wa maua uliopanda kifuani ulifika begani ukakatika, ukaanzia tena vidole viwili mbali. Mimi niliona hakuna atakayejali. Zuhura alisema mama yake atajali. Basi tukachukua daftari la hesabu lenye miraba, yeye akichora na mimi nikihesabu miraba kwa sauti, kutoka shingoni hadi mkononi, mbele kisha nyuma. Jumatano umeme ulikatika tukapoteza kazi ya nusu siku, tukaanza upya. Zuhura hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba ya wote wawili.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Kwa ajili ya huo umeme, Kaka Idi alikuwa na sheria: kila barua ihifadhiwe mara mbili, na nakala ya pili ipewe jina lilelile pamoja na namba mbili mwishoni. Kila kitu ndani ya kompyuta ile kilikuwa na pacha wake. Kwa hiyo Alhamisi, Zuhura aliponiuliza kuhusu faili nyingine ya Bi Teke iliyokuwa na namba mbili, nilimjibu kwa ujuzi wote wa miaka kumi na tatu kwamba hiyo ni nakala tu, aiache. Akaiacha. Sikufikiria kwamba waliotengeneza gemu hawakujua lolote kuhusu umeme wa Babati.

Ijumaa Mama Idi alitoka msikitini akaja moja kwa moja, akavuta kiti, akakaa. Zuhura alicheza peke yake dhidi ya kompyuta. Bi Teke aliruka, akageuka, mtandio ukapepea, gauni la kijani likatulia mwilini kwa heshima zote. Mama Idi akatoa miwani aliyoifungia kwenye pindo la khanga, akaivaa, akainama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Alitazama muda mrefu.

"Hapa begani," akasema, "maua yamekutana. Nani ameyakutanisha?"

"Mimi, mama," Zuhura akasema kwa sauti ndogo. "Na Eliza alihesabu."

"Hm." Kwa Mama Idi, hiyo hm ilikuwa hotuba. Nilihisi moyo ukinyanyuka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia: akasogeza kiti chake mbele ya mishale ya kulia. "Na mimi nipeni huyohuyo. Nione anavyotembea."

Zuhura alimchagua Bi Teke kwa ajili yake mwenyewe, akamchagua na kwa ajili ya mama yake. Kioo kikawa cheusi kidogo, kikarudi. Upande wa kushoto alisimama Bi Teke wetu. Upande wa kulia alisimama Bi Teke wa pili, mwenye rangi tofauti ili wachezaji wasichanganyikiwe, amevaa vipande vilevile viwili, safari hii vyekundu. Ile faili yenye namba mbili haikuwa nakala ya kitu chochote. Ilikuwa nguo za mchezaji wa pili, zinazotokea pale tu wote wawili wanapomchagua mpiganaji mmoja, jambo ambalo mimi na Zuhura hatukuwahi kulifanya.

Kaka Idi alijifanya anatafuta karatasi chini ya meza.

"Huyo aliye uchi," Mama Idi akauliza taratibu, "ndiye mimi?"

"Ndiyo, mama," Zuhura akasema, machozi yakamtoka.

Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba kosa ni langu, kwamba Zuhura aliiona faili na mimi ndiye niliyemkataza, kwamba anipeleke Kondoa mimi. Nilisema yote kwa pumzi moja. Mama Idi hakunitazama. Alikuwa akimtazama yule mwanamke mwekundu, kisha wa kijani, kisha akarudi begani pale pale. Akainuka akaenda dukani. Tulisikia mkasi ukikata kitambaa. Aliporudi alikuwa na kipande cha kitenge kipya, cha bluu chenye mistari ya rangi ya kahawia, akakiweka juu ya meza mbele ya Zuhura.

"Mteja akileta nguo mbili ukamshonea moja, hujamaliza kazi," alisema. "Wa pili mvalishe hiki. Hii mistari ni migumu kuliko maua, usiniharibie. Ijumaa ijayo nitakuja." Alifika mlangoni akageuka. "Na hilo sanduku lirudisheni juu ya kabati, linanizuia njia."

Zuhura hakwenda Kondoa. Ilituchukua siku nane, siyo saba, na Mama Idi alituongezea siku moja bila kuombwa. Mistari ilikutana mabegani na ubavuni, na kuanzia hapo alipokuwa akikata nguo alimwita Zuhura asimame kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Matokeo yalipotoka Desemba tulichaguliwa wote wawili, lakini nikiulizwa ni lini mwaka ule nilifurahi zaidi, sitaji matokeo.

Sasa ninaishi Dodoma, nafanya kazi ya kuandaa taarifa za ofisi. Zuhura ana duka la mapazia Bagara, kulekule Babati, na tunapigiana simu kila Jumapili. Binti yangu ana gemu la wapiganaji kwenye simu, na mpiganaji wake ana kabati zima la nguo. Anagusa kwa kidole, nguo inabadilika, anagusa tena. Sisemi wakati wetu ulikuwa bora. Bi Teke alikuwa na sura mbaya, tukubaliane, na laiti tungekuwa na kidole kama hicho tungekitumia bila aibu. Tofauti ninayoihisi iko kwingine. Taarifa ninayoihangaikia kwa wiki nzima hujibiwa kwa alama ya dole gumba kabla haijapata muda wa kusomwa, nami huwajibu wenzangu vivyo hivyo.

Juzi binti yangu aligundua kuwa anaweza kumchorea mpiganaji wake nguo mwenyewe. Akaja na simu jikoni, nikiwa nakatakata vitunguu. "Mama, ona." Neno "nzuri" lilikuwa tayari mdomoni, na kichwa sikuwa nimekiinua. Nikaweka kisu chini. Nikafuta mikono, nikavaa miwani, nikainama mpaka pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo, nikatazama. "Hapa kiunoni," nikamwambia, "mistari haijakutana." Akaitazama, akanitazama mimi, kisha akakaa palepale sakafuni kuanza upya, anatabasamu kama mtu aliyesifiwa.