Kidole cha Harlan kwenye Kona ya Ghala

Mtu asikudanganye kwamba Barabara ya Jimbo namba 217 ilichorwa na mlevi. Hayo ni maneno ya watu wa mjini. Ilichorwa mwaka 1928 na mpimaji mwenye akili timamu, ikanyooka kutoka Dornik kwenda Elsen, mahindi kulia, mahindi kushoto, mpaka ilipokutana na ghala la mzee Vaclav Sedlak. Ndani ya ghala hilo wilaya nzima ilikuwa ikicheza dansi ya polka kila Jumamosi. Mzee akawaambia, "Mkitaka kulivunja, anzeni na mimi." Basi barabara ikakata kona, ikalizunguka ghala, ikakata kona tena. Mwaka 1953 kimbunga kikalibeba ghala. Kona zikabaki.

Lavonne Kubik anaijua barabara hiyo kuliko jiko lake. Alizaliwa maili ya nne, akaolewa maili ya kumi na tisa, akaendesha basi la shule miaka minane, kisha akapanda lori la kusukuma theluji, mwanamke wa kwanza katika gereji yetu. Siku ile wanaume tulicheka. Kufika saa nne asubuhi alikuwa ameshalivuta lori langu kutoka mtaroni, na kicheko kikanikauka mdomoni. Tangu hapo nimekaa kiti cha pili pembeni yake majira ya baridi ishirini na mawili, nikiendesha bamba la ubavuni la kusukumia theluji na kunung'unika.

Sasa, huku kwetu mkipishana barabarani unainua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Kimoja tu, mkono mzima ni wa waomba kura. Hata mliogombana kanisani mnainuliana. Usipomwinulia mtu, umemzika angali hai.

Na Harlan Sedlak, mjukuu wa Vaclav, fundi wa kuchomea vyuma, alikuwa hamwinulii Lavonne kidole mwaka wa kumi na tisa huo. Kisa ni sanduku lake la barua, lililosimama juu ya nguzo pale konani, mahali ambapo theluji inayorushwa na bamba letu inatua yote. Siku moja liling'oka zima, na ndani mlikuwa na barua ya bintiye wa Alaska, aliyekuwa kimya miaka miwili. Tuliiokota Aprili, theluji ilipoyeyuka, wino umefutika wote. Lavonne aliomba radhi kwa mdomo, kwa barua, na kwa sufuria ya supu ya maharage na maandazi ya mdalasini. Sufuria ilirudi imeoshwa, bila neno. Toka hapo, kila Lavonne akifika kona ile, anapunguza mwendo, anatambaa.

"Nastaafu Ijumaa," aliniambia. "Sitaki saa ya ukutani wala keki. Namtaka yule mzee ainue kidole, basi."

"Utangoja sana, mama. Yule ana kichwa cha babu yake."

"Na mimi nina cha mama yangu."

Ijumaa kulikucha theluji magotini na jua linawaka. Njia nzima watu walikuwa wametoka kusimama kando ya masanduku yao ya barua, watoto kwa wazee, kila mtu kainua kidole kimoja. Lavonne alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Nami, haki ya Mungu, nilifurahi mpaka nikasahau kunung'unika.

Tulipofika konani, Harlan kasimama katikati ya barabara, mikono kaikunja kifuani. Lavonne akasimamisha lori, akashusha kioo.

"Unatambaa kama konokono," Harlan akasema.

"Nalitambalia sanduku lako, baba!"

"Nani kakuomba? Rudi nyuma nusu maili, uje na ule mwendo wako wa zamani wa kipumbavu."

"Litang'oka, Harlan."

"Nimesema rudi!"

"Anatafuta ushahidi akatushtaki," nikamnong'oneza.

Lavonne alirudi nyuma, Harlan akasogea kando ya barabara. Kisha akakanyaga mafuta. Theluji ikainuka ukuta mzima, ikalipiga sanduku, puu! Nikafumba macho.

Nilipofumbua, sanduku halikuwa limeng'oka. Lilizunguka kwenye nguzo yake ya chuma, na nyuma yake ukapanda mkono wa chuma, ngumi imefungwa, kidole cha shahada kimesimama wima, kimepakwa rangi ya njano ya lori letu. Sanduku likarudi mahali pake, mkono ukashuka taratibu.

"Wee!" Lavonne akapiga kelele, akasimamisha lori palepale, kanuni zote kaziweka pembeni. "Harlan! Hicho ni cha chuma! Chako kiko wapi?"

Harlan akaenda uani kwake. Akapanda gari lake, akaja kutupita, macho mbele kana kwamba hatuoni. Alipofika usawa wetu, kidole kikainuka kutoka kwenye usukani. Lavonne akainua chake.

Akafika kona ya pili, akageuza, akapita tena. Kidole. Akageuza tena.

"Huyu kachanganyikiwa," nikasema. "Na nyuma yetu kuna foleni."

"Nyamaza wewe, nahesabu," Lavonne akasema, kidole chake kikiwa juu tayari.

Alipita mara kumi na tisa.